Nkejje Saba na Macho Mawili

Wanawake wengine wa kota za polisi za Naguru walikuwa na wake wenza wa nyama na damu. Wangu mimi alikuwa wa kioo. Alikaa juu ya meza niliyoitaka kwa vyombo vyangu, kwenye chumba chetu kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na kila siku mume wangu akirudi kazini alimsalimia yeye kwanza. "Mmeshindaje humo?" Akishamaliza kuinama na kuchungulia ndipo ananigeukia mimi niliyesimama na sufuria.

Lilikuwa sanduku la maji alilolitengeneza mwenyewe kwa vyuma, vioo vya dirisha na lami. Alikuwa fundi wa redio wa polisi, mtu ambaye mikono yake haikujua kutulia. Mkubwa wake mmoja alikuwa na sanduku kama hilo ofisini, lenye samaki wekundu wa kigeni, na mume wangu alipotumwa kulitengenezea taa alirudi akisema wale samaki hawana lolote, wanazunguka tu kama mtu aliyepoteza ufunguo. "Ziwa letu ndilo lina watu," alisema. Jumapili iliyofuata akafunga ndoo nyuma ya baiskeli, akaenda ziwani, akarudi jioni na nkejje.

Sasa, nkejje Kampala nzima inawajua. Ni samaki wadogo wa pembeni mwa ziwa, urefu wa kidole, wanaokaushwa, wakatungwa kwenye vijiti, wakauzwa sokoni. Ni kitoweo cha asiye na kitu na dawa ya watoto. Hakuna mtu mwenye akili zake aliyewahi kuwaweka nyumbani wakiwa hai na kuwabadilishia maji. Nilimwambia hivyo, tena kwa sauti ya kusikika uani. Mimi ni mtu wa hasira, sifichi, na miaka ile hasira ilikuwa na chakula kingi kuliko sisi.

"Sukari hatuna, sabuni hatuna, wewe unawajengea nkejje nyumba?"

Yeye akacheka. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake. Unampigia kelele, anacheka, nawe unabaki umezishika kelele zako mkononi hujui pa kuziweka.

Walikuwa saba. Tuliwaita kwa vyeo, kwa sababu kwenye kota kila kitu kilienda kwa cheo, hata foleni ya bomba. Hatukupanda zaidi ya sajini. Binti yetu, aliyekuwa na miaka mitano, aliwahi kumwita dume mkubwa kwa cheo cha juu kuliko vyote nchini, na baba yake akamziba mdomo kwa kiganja kabla neno halijaisha. Kuta zilikuwa na masikio nyakati zile, na zetu zilikuwa nyembamba.

Basi dume mkubwa akawa Sajini. Mwili wa buluu, mabega mekundu, na kwenye pezi la chini, kwa nyuma, ana madoa ya njano. Alishika kigae cha chungu kilichowekwa katikati na nusu nzima ya sanduku, akachimba shimo mbele yake kwa mdomo: anachota mchanga, anakwenda kuutema mbali, anarudi, siku nzima. Anayepita karibu anapigwa. Asiyepita anafuatwa alipo na kupigwa. Nilipoingiza mkono kusafisha kioo alikuja kunigonga kidoleni, yeye na kimo chake kile, nami nikaona aibu kwamba nilishtuka.

Konstebo naye alikuwa dume, lakini usingejua. Alijififisha akawa na rangi ya majivu kama jike, akakaa kona ya juu, ameinama kidogo, macho kwa Sajini. Mume wangu alisema huyo ndiye mwenye akili kuliko wote. Siku moja Sajini aliumwa, akajilaza nyuma ya kigae bila kutoka. Kabla chai haijapoa Konstebo alikuwa amevaa buluu, mabega mekundu, anachimba shimo lake. Sajini alipopona kesho yake, Konstebo alivua rangi ile yote na kurudi juu konani. Mume wangu alitazama mambo hayo muda mrefu, hakucheka.

Kulikuwa na Karani, jike aliyekaa kwenye kioo cha mbele akituangalia tunavyokula, hakosi hata tonge moja. Kulikuwa na majike watatu waliofanana mno, wasio na jina. Na kulikuwa na Bi Mkubwa. Chini kabisa aliishi kambare mdogo mwenye sharubu, aliyewekwa kuokota makombo. Huyo hakuwa nkejje, hakuwa na cheo, hakugombana na mtu. Kila baada ya muda alipanda juu, akanyonya hewa kwa sauti, *pyuu*, akashuka kulala.

Hatukuwa na mashine ya hewa. Asubuhi na jioni mume wangu alichota maji kwa kopo, akayainua juu ya kichwa na kuyamimina taratibu yarudi ndani yakitoa povu. Binti yetu alisimama juu ya kreti ya soda, pua kwenye kioo, akipiga ripoti: Sajini amempiga Karani, Konstebo amejificha, kambare amelala. Baba mtu alimfundisha kila kitu. Alimfundisha kwamba ukileta samaki mgeni lazima uwatoe mawe yote na kuyapanga upya, la sivyo wenyeji watamuua. Ukivuruga mawe, wote wanakuwa wageni, hakuna mwenye kwake. "Ndiyo sababu sisi nao tunahamishwa kila mara," alimwambia, naye mtoto akaitikia kwa kichwa kama mzee wa baraza.

Alimfundisha pia habari za Bi Mkubwa. Siku ya kutaga alikwenda kwenye shimo la Sajini, wakazungukana, na kila yai lililotoka aliliokota kwa mdomo wake hapo hapo. Tangu siku hiyo hakula. Wiki tatu taya limevimba, mdomo umefungwa, ukimtupia viluwiluwi vya mbu anavitazama tu na kugeuka. Nilidhani anaumwa. Kumbe watoto wamo ndani. Mara ya kwanza alipowatema walikuwa zaidi ya ishirini, wadogo kama punje za mpunga, na binti yetu akagundua kwamba ukigonga kioo kwa kucha wote wanakimbilia mdomoni mwa mama yao na kuingia, na mdomo unafungwa. Alitaka kugonga siku nzima. Baba yake akamwekea sheria: mara moja asubuhi, mara moja jioni. Walipokua kidogo aliwarudisha ziwani, wakabaki saba wale wale.

Jumanne moja mume wangu aliitwa ofisi fulani mjini akachukue barua ya uhamisho. Bi Mkubwa alikuwa na siku sita tangu afunge mdomo kwa uzao wa pili. "Usimsumbue," aliniambia akifunga kamba za viatu. "Wiki mbili hivi, atawatema mwenyewe. Nikichelewa, wamiminie maji."

Nikamjibu kwamba mimi si mtumishi wa samaki. Hilo ndilo neno langu la mwisho kwake, na sina namna ya kulibadilisha.

Hakurudi Jumanne, hakurudi Jumatano. Alhamisi nilikwenda kuuliza. Mtu mmoja nyuma ya meza aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba amehamishwa. Nikauliza wapi. "Mama, amehamishwa." Nikauliza mara ya tatu, naye akainua macho akanitazama kwa namna ambayo nilichukua mkoba wangu na kuondoka. Pale uani majirani waliacha kuja kuomba chumvi. Sikuwalaumu, nami niliwahi kuacha kwenda kwa mwanamke mwingine kwa sababu hiyo hiyo. Jioni nilichukua kopo nikawamiminia maji, nikiwatukana samaki mmoja baada ya mwingine kwa cheo chake.

Siku chache baadaye mtoto alianza homa. Kikohozi, mafua, macho mekundu, kisha upele nyuma ya masikio. Surua. Ilikuwa inapita kota nyumba kwa nyumba.

Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu watu hunihurumia mahali pasipostahili. Kwetu, ng'ambo ya Nile, mama yangu alitulea saba kwa sheria moja: mtoto wa surua anawekwa gizani, haogeshwi, na hapewi kitu chochote chenye shombo. Samaki na nyama huurudisha upele ndani, na upele ukirudi ndani unamuua mtoto. Sote saba tulipona. Kwa hiyo nilining'iniza blanketi dirishani, nikamlaza nyuma ya pazia, nikampa uji wa mtama bila maziwa. Nilijua ninachofanya. Katika mwezi ule wote, hicho ndicho kitu pekee nilichokijua.

Jirani yetu wa ukuta alikuwa bibi wa Kinubi, mjane wa askari wa zamani, aliyekulia katikati ya Waganda na kujua ya kwao kama ya kwake. Tulimwita Habuba, yaani bibi. Yeye peke yake hakuacha kuingia kwangu. Siku ya pili ya upele alikuja, akamtazama mtoto, akatazama sanduku la maji, akajifunga leso upya kiunoni.

"Mwanangu, hii samaki yako ndiyo dawa ya surua. Waganda wanatafuta hii na pesa, weye unayo ndani ya nyumba. Kausha, twanga, tia kwa mchuzi ya karanga, mtoto anywe. Surua inapenda macho. Usipoipa nkejje, inachukua macho."

"Habuba, kila mtu na kwao," nikamwambia. "Kwetu mtoto wa surua halishwi shombo. Wewe lea wako."

Watoto wake wote walikuwa watu wazima na wawili walikuwa wamekufa, na mimi nilijua. "Haya," akasema. "Mi nimesema." Akatoka, akanifungia mlango polepole mtoto asishtuke.

Sitajificha nyuma ya mama yangu peke yake. Kulikuwa na sababu nyingine niliyoona haya kuisema. Samaki wale walikuwa wa mume wangu. Nilikuwa nimejitia imani, mimi mtu mzima, kwamba nyumba ikibaki vile alivyoiacha, kiti pale pale, samaki saba na kambare, Bi Mkubwa na mdomo wake umefungwa, atarudi. Nikila hata samaki mmoja, nimemzika. Kwa hiyo asubuhi na jioni nilimimina maji, na mtoto wangu alikuwa gizani nyuma ya pazia akinyweshwa uji mtupu.

Siku ya tano ya upele homa ilishuka kidogo. Nikafurahi, nikainua ncha ya blanketi nimwone vizuri. Mwanga ulimpiga usoni. Kabla ya hapo alikuwa akilia mwanga ukimgusa, akijifunika kwa mikono. Safari hii hakujifunika. Jicho la kulia lilikuwa na kidoa cheupe katikati, ukubwa wa punje ya mchele, na la kushoto lilikuwa limeanza ukungu.

Nilimfunga mgongoni nikaenda hospitali ya Mulago kwa miguu. Ningeweza kwenda mapema. Sikwenda kwa sababu pale mezani wanaandika jina la baba na mahali anapofanya kazi, na mimi nilikuwa naogopa kulitamka jina lile mbele ya watu nisiowajua. Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua. Muuguzi alipouliza jina la baba, nikasema mimi ni mjane. Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutoka kinywani mwangu, na nilikuwa nimelisema ili nisiulizwe zaidi.

Muuguzi yule alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono myepesi. Alimsafisha mtoto macho kwa maji ya chumvi, akampaka dawa, akayafunika kwa kitambaa, akaniambia nimlete kila asubuhi. Kisha akauliza anakula nini. Nikasema uji. Akauliza tena, kama vile hakusikia: samaki je, maini, yai? Nikamweleza sheria ya kwetu. Hakunigombeza. Aliweka mkono begani kwangu. "Macho yake yana njaa, dada," alisema. "Mpe samaki. Hata wale wadogo, nkejje, ni wazuri sana kwa macho. Mpe leo, usingoje kesho."

Nilirudi Naguru nikaenda moja kwa moja mlangoni kwa Habuba, nikapiga magoti na mtoto mgongoni. Hakuniacha nifungue kinywa. Akamtoa mtoto mgongoni mwangu na kuniambia niende sokoni Nateete, kule hawakosi. Nilizunguka soko zima. Meza za samaki zilikuwa tupu, zimepanguswa. Mwanamke mmoja alinionyesha kijiti kitupu cha kutungia, akaniambia barabara ya ziwani imefungwa wiki nzima, askari wamekaa, hakuna anayesema kwa nini. Nikamuuliza yai. Akacheka, si kwa ubaya. Nilipata karanga tu, kikombe kimoja.

Ilikuwa saa tisa mchana nilipoweka beseni chini ya meza. Mtoto nilimchukua kwa Habuba, nikamlaza nyuma ya pazia, kitambaa machoni. Nikashika chujio la chai.

Karani alikuja mwenyewe. Alizoea kwamba mkono ukiingia ni chakula. Majike watatu walikimbia pamoja wakakamatwa pamoja. Konstebo alikaa konani kwake ameinama, rangi ya majivu, hata nilipomwinua hakujitikisa. Sajini ndiye aliyenishinda. Alisimama mbele ya kigae chake amefungua mapezi yote, akaligonga chujio, akanigonga mkono, na mimi nikamwambia aache kuniuma, pumbavu, aache, nikasikia sauti yangu inapanda. Nikatoa kigae. Bila kigae alipoteza kichwa, akakimbia hovyo, rangi ikamwishia, nikamchota.

Bi Mkubwa nilimwacha wa mwisho. Niliwahesabu wale sita kwenye beseni nikajiuliza kama wanatosha. Maji nilikuwa nimeyachafua, mchanga umepanda, naye alikuwa amejibanza kwenye kioo cha nyuma, taya limejaa. Siku kumi na tano au zaidi hakuwa amekula. Niliwaza kwamba mtoto wangu ana macho mawili na samaki hawa hawafiki kiganja. Nikamchukua.

Hewani alitema. Walimwagika kiganjani mwangu, hawajakomaa, bado wana tumbo la njano la yai, wakajikokota kwenye maji kidogo yaliyobaki pale. Na walikuwa wanatafuta. Walijisukuma kwenye nyufa za vidole vyangu, palipo giza, mmoja juu ya mwingine, wakijaribu kuingia. Nilisimama pale na mkono umenyooka. Mwishowe niliwarudisha kwenye sanduku. Hadi asubuhi kambare alikuwa amewamaliza.

Wale saba niliwakausha juu ya sigiri, jiko letu la mkaa, mpaka wakawa kama maganda. Nikawatwanga na mifupa yao, nikapika mchuzi wa karanga, Habuba akisimama juu yangu kuona siufanyi mzito. Mtoto alikuwa na vidonda mdomoni. Alikunywa kijiko kwa kijiko, kimya.

"Hii nini, mama?"

"Dawa."

Alikunywa yote. Kesho yake alikunywa iliyobaki. Nguvu zikamrudia, vidonda vikapona, upele ukabambuka, akaanza kudai ugali wa posho na chumvi. Kila asubuhi tulikwenda Mulago. Siku walipoondoa kitambaa kwa mara ya mwisho, jicho la kulia lilikuwa limesinyaa, na la kushoto lilikuwa jeupe lote, kama limefunikwa na utandu wa maziwa. Daktari alimpitishia tochi. Akaniambia pengine atajua mchana na usiku. Kisha akauliza mama umekuja na nani, nikasema nimekuja peke yangu.

Habuba hakuwahi kusema "nilikuambia." Ningependa angesema. Ningemjibu, tungegombana, ningelia mbele ya mtu. Majuto ni mjukuu, lakini wangu hakungoja uzee. Alikuja kukaa na mimi nikiwa na miaka ishirini na sita.

Wiki hiyo hiyo mtoto aliomba awekewe kreti. Alipapasa mpaka mezani, akapanda, akaweka pua kwenye kioo. Maji yalikuwa yametulia. Kambare alikuwa chini.

"Sajini anafanya nini?"

Ningemwambia wakati ule ingekuwa imekwisha. Lakini mtoto amepoteza baba mwezi huo, amepoteza macho mwezi huo, nami nimweleze kwamba na wengine saba wako tumboni mwake?

"Anachimba," nikasema.

"Konstebo?"

"Yuko juu konani. Anaona haya."

Akacheka. Hakuwa amecheka tangu Jumanne ile.

Basi nikawa mtumishi wa samaki wasiokuwepo. Asubuhi na jioni nilimimina maji kwa kopo, yakatoa povu kwa kambare mmoja, kisha nikakaa karibu na kreti nikasimulia. Mimi niliyekuwa nikiwatazama kwa jicho la pembeni, ilinibidi nikumbuke kila kitu mume wangu alichowahi kusema. Bi Mkubwa akatema watoto wake, nikamwambia thelathini. Mtoto akagonga kioo kwa kucha, mara moja, kwa sheria ya baba yake. "Wameingia mdomoni?" Nikasema wameingia wote. Nilipokosea alinisahihisha. "Sajini hapandi huko juu, mama. Huko ni kwa Konstebo." Nikasema kweli, sikuona vizuri, ni Konstebo. Kambare alipopanda kunyonya hewa mtoto aliinua kidole, na mimi nikaushukuru mlio ule, kwa sababu ulifanya sanduku liwe na uhai.

Siku nyingine nilichoka, sikuwa na neno. Nilikaa kitandani nikitazama mlango. Yeye aliniita kutoka kwenye kreti: "Mama, Karani anafanya nini?" Nami naanza tena. Niliona anawapenda mno samaki wale, nikamwonea huruma.

Tulikwenda hivyo miezi. Barua ya uhamisho haikuja, wala mtu wa kututoa kota hakuja; walitusahau, na kusahauliwa ilikuwa bahati. Kisha asubuhi moja nilimkuta kambare anaelea. Nilimtoa kwa chujio bila kelele, nikamfunga kwenye gazeti, nikamtupa. Nikamimina maji kama kawaida. Siku ile na ya pili yake nilisimulia mambo makubwa kuliko kawaida, vita ya Sajini na Konstebo, mapezi yamechanika, mpaka nikajishangaa.

Siku ya tatu alinisikiliza akiwa amekaa juu ya kreti, mgongo kwenye kioo.

"Kambare hajapumua tangu juzi," akasema.

"Amelala."

"Mama, hamna samaki humo." Alisema polepole, kama anayemwamsha mtu. "Niliwasikia ukiwakamata. Halafu nikawala."

Mikono yangu ilikuwa kwenye sigiri, naweka mkaa. Nikauliza, na sauti yangu ilikuwa kali, kwa sababu ndivyo ninavyokuwa nikiogopa: kama alijua, kwa nini ameniuliza kila siku asubuhi na jioni, miezi yote hiyo, akinifanya niseme uongo?

Alinigeuzia sikio.

"Ukinyamaza," akasema, "sijui kama bado upo."

Nikamwambia nipo. Nikarudia. Alikuwa bado amenigeuzia sikio, anangoja, nami sikuwa tena na samaki wa kumpa. Kwa hiyo nikaanza kumwambia nilichokuwa nakiona kweli. Mkaa umeanza kushika. Gauni lake la kijani lina tundu begani. Kwenye kiti kuna sufuria, na ndani ya sufuria kuna viazi vitatu. Nje Habuba anaanua nguo kwa sababu mawingu yanakuja. Alisikiliza yote, mikono imetulia magotini. Nilipofika mwisho wa chumba na sikuona kitu kingine, nikaanza upya kutoka mlangoni.